Tusione Haya Kuirudia Riwaya

Imekuwa desturi yetu wasomaji kusema, "Hicho nimeshakisoma," na kitabu kikarudishwa rafuni moja kwa moja. Nasema desturi hiyo inatunyima nusu ya kitabu, na aghalabu nusu iliyo bora.

Chukueni Middlemarch ya George Eliot, Mwingereza ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mary Ann Evans. Ilitoka kwa sehemu nane, mwaka 1871 na 1872. Humo hamna mfalme wala vita. Ni habari za mji mdogo wa Uingereza, za mwenye benki, daktari, wakulima, wanandoa na wadaiwa. Tunapoisoma mara ya kwanza tuna pupa. Tunataka tu kujua binti aitwaye Dorothea ataolewa na nani.

Mara ya pili pupa imekwisha, na ndipo fedha zinapoonekana. Kijana Fred Vincy anadaiwa pauni 160, na mdhamini wake ni Caleb Garth, mtu mwema asiye na mali. Siku ya kulipa inafika, Fred ana pauni 50 tu. Mke wa Garth anatoa pauni 92 alizodunduliza ili mwanawe akafundishwe kazi. Binti yao Mary anatoa 18 zilizopungua. Kwa mwenye pupa hilo ni jambo dogo, maana hakufa mtu. Lakini nani kati yetu hajui nyumba ambayo baba alimdhamini jamaa, ada ya mtoto ikaenda na deni? Hapo ndipo Fred anapotambua kwamba amewapora wanawake wawili akiba yao. Sijui mahubiri juu ya deni yanayouzidi ukurasa huo.

Daktari Lydgate naye anaingia mjini na azma ya kuendeleza elimu ya tiba. Anayeirudia riwaya anajua tayari kwamba atakufa na miaka 50 tu, ana wagonjwa matajiri, lakini anajihesabu kuwa ameshindwa. Kwa hiyo ukurasa anaponunua vyombo ghali vya mezani kabla ya harusi, ukurasa tulioupita bila kutua, sasa unauma. Anguko lake lilianzia dukani.

Hata Casaubon, yule mwanachuoni mkavu aliyemwoa Dorothea, hubadilika machoni petu. Simtetei; wosia aliomwachia mkewe ni dhuluma tupu. Ila kitabu alichokihangaikia umri wake wote asikimalize, na hofu yake ya kudharauliwa, ni mambo ambayo kijana huyacheka na mtu mzima huyatambua.

Wapo watakaosema vitabu vipya ni vingi na umri ni mfupi. Ni kweli. Lakini asomaye vipya tu hana kipimo cha kujua yeye mwenyewe amebadilika kiasi gani.

Basi, ndugu msomaji, itoe rafuni riwaya uliyoipenda ujanani. Isome tena mwaka huu, polepole, na kurasa za madeni usiziruke.