Kabla ya x, tuulize kisichobadilika

Katika mafumbo ya michanganyiko, wanafunzi wengi hukwama kabla ya kuandika mlinganyo wowote. Wanatafuta kanuni ya kukariri, ilhali wazo ni moja tu: kitu kinachopimwa hakiongezeki wala hakipungui kwa kukorogwa. Naamini mwalimu adai sentensi hiyo kwanza, kwa Kiswahili chepesi, ndipo x ifuate. Tuchukue klorini, ambayo katika mapambano dhidi ya Ebola hutumika kwa asilimia 0.5 kutakasa sakafu na vifaa. Anayetaka lita 21 za kiwango hicho kutokana na dawa ya asilimia 3.5 aseme: klorini inayotoka kwenye chupa ndiyo itakayokuwamo ndooni. Hivyo, x ikiwa lita za dawa, 3.5x = 0.5 × 21, na x ni lita 3. Maji ni lita 18. Anayegawanya 3.5 kwa 0.5, akapata 7 na kumimina sehemu saba za maji kwa moja ya dawa, anashusha nguvu yake hadi karibu asilimia 0.44. Hesabu ya kugawanya ni sahihi. Kilichokosekana ni kujua kwamba ile 7 ni mchanganyiko mzima, dawa ikiwa ndani yake.

Wapo watakaosema vipimo vimeshaandikwa kwenye chupa, aljebra ya nini? Maandishi hayo yanatosha kwa dawa ile ile tu. Mfugaji mwenye pumba za mahindi zenye protini asilimia 10 na mashudu ya asilimia 30, anayetaka kilo 100 za chakula cha asilimia 16, hana chupa ya kusoma. Lakini sentensi ni ile ile: protini ya pumba kujumlisha ya mashudu ni sawa na protini ya mchanganyiko. Kilo za pumba zikiwa x, 10x + 30(100 − x) = 1600, na jibu ni kilo 70 za pumba na 30 za mashudu.

Hoja nzito zaidi ni muda: mtihani hausubiri, na njia ya mkato ni ya haraka. Ni kweli, ila njia hiyo humtupa mwanafunzi swali linapogeuzwa kidogo, mathalani anapoulizwa maji yapunguzwe kiasi gani. Kwa hiyo watunga mitihani wampe alama anayeeleza kisichobadilika, hata akikosea hesabu mwishoni. Kinachopewa alama ndicho kitakachofundishwa.