Mama Mwenye Mimba na Safari ya Sikukuu



Mke wa mwalimu mwenzetu hapa Butembo alikuwa katika mwezi wa nane wa mimba yake ya tatu, ndipo ilipofika habari kwamba ndugu yake mdogo atapewa daraja takatifu la upadre huko Beni. Mumewe alisema, “Mama watoto, safari hii hutakwenda.” Mama mkwe naye aliongeza, “Mkamwana, mwenye tumbo kama hilo hukaa nyumbani.” Yule mama hakujibu neno. Aliingia jikoni akalia. Maana ndugu yule ni yeye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na karo yake ya shule ililipwa kwa maharage aliyoyauza sokoni miaka mingi.

Tuliitwa tuwapatanishe, nasi tukiri wazi: mwanzoni tulikuwa upande wa mume. Tulikuwa na kumbukumbu mbaya. Katika sikukuu moja ya parokia sisi wenyewe tulipewa kazi ya kupanga viti. Tuliwaketisha wageni wakubwa kivulini, wanakamati tukajiketisha sisi wenyewe, na mama mmoja mjamzito akasimama juani nyuma ya umati tangu Misa hata hotuba ya mwisho. Alizimia, akaanguka. Kwa neema ya Mungu alipona yeye na mtoto. Tangu siku ile tulidhani dawa ni kuwazuia kina mama wasije. Kumbe ilitupasa tujifunze kupanga viti.

Aliyetufumbua macho ni sista mkunga ambaye yule mama huenda kwake kupimwa mimba. Hakusema ndiyo wala hapana, bali aliuliza kwanza. Je, ametokwa na damu? Je, kati ya watoto wake yuko aliyezaliwa kabla ya wakati? Je, amebeba mapacha? Je, damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, au uso na mikono imevimba? Kwa kila swali jibu lilikuwa hapana. Ndipo aliposema, “Basi na aende, lakini msimpeleke kama gunia la makaa.” Akaeleza kwamba kama jibu moja tu lingekuwa ndiyo, au kama mimba ingekuwa imefika majuma 36, angemshauri akae karibu na hospitali yake.

Wazazi, neno hili tumelitafakari sana. Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko bustani kubwa za michezo, zenye mitambo inayowarusha watu juu na kuwazungusha kwa kasi. Penye mitambo hiyo huwekwa kibao cha kumkataza mama mjamzito asipande. Lakini lango la bustani hawamfungii: huingia na watoto wake, akaketi kivulini, akala, akacheka pamoja nao. Wanakataza mtambo, hawakatazi furaha. Kwetu sisi mtambo wa hatari ni pikipiki iliyopakia abiria watatu, inayorukaruka mashimoni. Mtambo mwingine ni kusimama juani muda mrefu, na mwingine ni kusukumana mlangoni. Hayo tuyakataze. Sikukuu yenyewe tusimnyime mama, kwani naye ni mbatizwa, tena ni dada wa mtu.

Tumkumbuke Bikira Maria. Alipopata habari za Elizabeti, alishika njia ya milimani hali amekwisha kumchukua Bwana tumboni. Akasafiri tena wakati wake wa kujifungua ulipokaribia, nako Bethlehemu hakupatikana mahali pa kumlaza. Aibu ya Bethlehemu si kwamba mama alisafiri. Aibu ni kwamba hakuna aliyemwandalia nafasi.

Basi, tuwaambie jinsi safari ile ilivyopangwa, ili nanyi mpate faida.

Kwanza ni njia. Kutoka Butembo hata Beni ni kilometa zipatazo 54, lakini mvua ikinyesha njia fupi huwa ndefu. Hofu ya mume haikuwa bure, kwani tangu mwezi wa Oktoba 2014 nchi ya Beni imelia sana kwa ajili ya raia waliouawa. Kwa hiyo waliuliza habari za njia asubuhi ileile, wakaondoka mchana kweupe, siku moja kabla ya sherehe. Na kama habari zingekuwa mbaya, wangebaki. Kubaki hivyo si uoga, ni akili. Mume alilipa kiti cha mbele katika gari, ingawa pikipiki ingekuwa rahisi zaidi kwa mfuko wake. Mkanda wa gari ulipitishwa chini ya tumbo, juu ya mapaja, usibane mtoto. Na ule wa juu kati ya matiti. Kila baada ya saa moja hivi dereva aliombwa kusimama, mama ateremke, anyoshe miguu na kujisaidia. Maana damu ya mjamzito hugandamana upesi miguuni akikaa muda mrefu bila kujongea.

Pili ni mzigo. Mama zetu wamezoea kubeba mgongoni kwa kamba ya kipaji, na hata siku ya sikukuu twawaona wakibeba unga na ndizi za karamu, hali waume watembea mikono mitupu. Safari hii mume ndiye aliyebeba. Watu wengine walicheka, lakini hakuvunjika mfupa.

Tatu ni malazi. Butembo uko juu milimani, meta zaidi ya 1,700, penye baridi. Beni uko chini zaidi, penye joto na mbu wengi kuliko kwetu. Malaria ni adui mkali wa mimba: huweza kumwua mama, au kumfanya azae mtoto dhaifu au mfu. Hivyo mama alichukua chandarua chake, naye alikuwa amekwisha kumeza dawa ya kuzuia malaria aliyopewa alipopimwa mimba. Alilala kwa ubavu, si chali, kwa sababu uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa wa damu.

Nne ni kunywa na kula. Wako kina mama ambao hata leo hawathubutu kunywa maji kabla ya Komunyo, wakiogopa kuvunja mfungo. Wajue kwamba Papa Pio XII alitangaza mwaka 1953 kuwa maji hayavunji mfungo wa Ekaristi, na mwaka 1964 Papa Paulo VI aliupunguza mfungo wa chakula uwe wa saa moja tu. Basi mama na anywe maji safi, kidogo kidogo, mara nyingi. Ale kidogo kabla ya kuondoka, wala asingoje karamu ya alasiri. Kasiksi na pombe nyingine awaachie wengine, kwa maana anywacho mama hufika kwa mtoto. Tena tusisahau yale tuliyojifunza wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hata Juni 2020, tulipowazika ndugu wengi: kunawa mikono kabla ya kuingia penye umati ni desturi ya kudumu.

Tano ni kiti. Ndugu zake walimwekea kiti chenye mgongo karibu na mlango wa pembeni, apate hewa na aweze kutoka bila kuwaruka watu. Choo kilionyeshwa mapema. Wengine walipopiga magoti, yeye aliketi, wala Mungu hakukasirika.

Mwisho ni dalili za kuacha yote na kwenda hospitali mara moja. Damu ikitoka, maji yakipasuka, uchungu ukianza, kichwa kikiuma sana na macho yakiona giza, homa ikipanda, degedege ikimshika, au mtoto akipunguza kucheza, msingoje baraka ya mwisho. Kwa sababu hiyo mume aliuliza mapema njia ya kufika Hospitali Kuu ya Beni, akaweka akiba ya fedha mfukoni, na kadi ya mimba haikutoka mkononi mwa mama.

Misa ilipokwisha, padre mpya alianza kuwabariki watu. Umati ulisukumana mbele, lakini dada yake hakuondoka kitini. Ndipo yule kijana alipowapita wakubwa wote, akashuka mpaka penye mlango wa pembeni, akaweka mikono juu ya kichwa cha yule aliyemlea. Tulimtazama mwalimu mwenzetu: alikuwa akipangusa macho. Mwezi uliofuata mtoto wa kike alizaliwa salama Butembo, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyempokea nyumbani.

Ninyi waume, kabla ya kusema “hutakwenda,” ulizeni mkunga, kisha mjiulize wenyewe mmeandaa nini. Ninyi kina mama, mkunga akisema mbaki, mbaki kwa moyo mtulivu. Mwenye sababu nzito hana dhambi kwa kukosa Misa. Na sisi wanakamati wa sikukuu, kabla ya kuhesabu viti vya wageni wakubwa, tuweke benchi moja kivulini, karibu na mlango na maji. Hao waketio hapo ni wawili wawili.