Askari Anapoingia Chuo cha Sheria

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Agosti, Chuo Kikuu cha Makerere huwapokea wanafunzi wapya, na vyuo vingine vya nchi yetu hufanya vivyo hivyo kwa zamu zao. Miongoni mwa wale wanaokwenda kusoma sheria hawakosi ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, wake kwa waume, ambao baada ya miaka kadhaa ya lindo na doria wameamua kurudi tena katika dawati. Sisi twawapa hongera. Lakini hongera peke yake haitoshi. Nafasi ya masomo ni kama silaha aliyokabidhiwa askari: asipojua kanuni za kuitunza, itaharibika mikononi mwake, na hasara itakuwa ya taifa zima.

Yafaa kwanza tukumbuke njia iliyotufikisha hapa. Hapo zamani kijana wa Uganda aliyetaka kusoma sheria hakuwa na mahali pa kusomea nyumbani. Mwezi wa Oktoba 1961, Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua mlango wake kwa kitivo cha sheria, na wanafunzi wa kwanza walikuwa 14 tu. Kwa miaka kadhaa kitivo hicho kiliwahudumia vijana wa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Makerere, ambayo yenyewe ilianzishwa 1922, ilianza kufundisha sheria mwaka 1968, na mwaka 1970 kikaundwa Kituo cha Maendeleo ya Sheria mjini Kampala, ambacho wengi hukiita LDC. Kwa hiyo kiti anachokalia mwanafunzi mpya leo kiligharimu jasho la watu wengi.

Tena si jambo geni kwa askari kuwa mwanasheria. Benedicto Kiwanuka alijiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akatumika hadi 1946 na kufikia cheo cha sajini meja. Alipovua sare alifanya kazi katika Mahakama Kuu, akaenda Lesotho, ambayo siku hizo iliitwa Basutoland, kujiandaa kwa masomo ya juu, kisha akasoma sheria London na kuwa wakili. Mtu huyo alikuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, na baadaye Mwafrika wa kwanza wa nchi hii kuwa Jaji Mkuu. Mwezi wa Septemba 1972 aliamuru aachiliwe Mwingereza mmoja aliyekuwa amezuiliwa na wanajeshi, akatamka kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu huyo. Tarehe 21 ya mwezi huohuo watu wenye silaha walimchukua katika jengo la Mahakama Kuu, na hakurudi tena. Aliyekuwa askari na akajifunza sheria aliangamizwa na wenye silaha wasioijali sheria. Hatuna haja ya kuongeza neno juu ya habari hiyo. Inatosha kila mwenye sare aijue.

Sasa tuje katika utaratibu, kwani hapo ndipo wengi hujikwaa. Ipo dhana kwamba barua ya kukubaliwa chuoni ndiyo mwisho wa safari. Sivyo hata kidogo. Barua ya kukubaliwa ni mwito tu, kama amri ya kuripoti kituo kipya. Mtu huhesabiwa kuwa mwanafunzi pale anapojiandikisha: anapoonyesha vyeti vyake vya asili, anapolipa ada zinazotakiwa, anapopewa namba yake na kitambulisho chake. Kazi hizo zina tarehe zake, na tarehe hizo hazimngoji mtu. Askari ambaye hathubutu kuchelewa gwaride hata kwa dakika tano haifai aripoti kwa Msajili wa Masomo wiki ya sita, akidhani kwamba sare yake itamfungulia mlango uliokwisha fungwa.

Malipo nayo yana adabu yake. Fedha za chuo hupelekwa benki kwa namba maalumu ya malipo, haziwekwi mkononi mwa mtu aliyesimama langoni na kujidai kuwa karani. Mwanafunzi mpya, hasa anayetoka kambi za mbali, huwindwa na matapeli wa namna hiyo. Na kila stakabadhi itunzwe, tena kwa nakala mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 moto uliunguza Jengo Kuu la Makerere, lenye ofisi za uongozi, na jengo hilo halikufunguliwa tena hadi mwaka 2024. Mwenye nakala ya karatasi zake hana haja ya kuhangaika yanapotokea majanga ya namna hiyo.

Jambo la tatu ni kujua ngazi. Shahada ya kwanza ya sheria Makerere huchukua miaka minne, lakini shahada hiyo haimpi mtu ruhusa ya kusimama mahakamani kama wakili. Baada yake kuna mafunzo ya uwakili katika Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ambayo mahudhurio na mitihani yake ni mikali. Na kwa yule ambaye hana sifa au nafasi ya kusoma shahada, Kituo hicho kina diploma ya sheria, na pia mafunzo mafupi ya sheria kwa maofisa wa utawala, ambayo polisi, askari magereza na wanajeshi wameyafaidi. Koplo anayetaka kuielewa kazi yake vizuri zaidi hana lazima ya kungoja shahada. Aanzie pale ngazi inapomfikia, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Shida kubwa ya askari mwanafunzi, hata hivyo, ni uhamisho. Leo yuko Kampala, kesho anaagizwa Karamoja, mwezi ujao anapanda ndege kwenda Somalia, ambako majeshi yetu yalianza kutumika tangu mwezi wa Machi 2007. Amri ni amri, na hatumshauri mtu yeyote kuikaidi. Lakini wengi huondoka kimyakimya, bila kuandika hata mstari mmoja, na warudipo hukuta jina lao limefutwa, ada zimepotea na mwaka umekwenda bure. Vyuo vina utaratibu wa kusimamisha masomo kwa muda, nao hutolewa kwa yule anayeomba kwa maandishi, tena mapema. Barua moja ya ukurasa mmoja yenye nakala ya amri ya uhamisho yaweza kuokoa miaka miwili ya jasho. Askari hatoki lindoni bila kukabidhi. Basi asitoke chuoni bila kuaga.

Hapa twawageukia makamanda. Ndugu makamanda, ikiwa mmemruhusu askari kusoma, mruhusuni kweli. Ruhusa ya mdomo hufutika bwana mkubwa mwingine anapoingia ofisini. Ruhusa ya maandishi hubaki katika jalada. Kumpangia mwanafunzi zamu ya usiku katika wiki ya mitihani, wakati wapo wengine wa kushika zamu hiyo, ni kuinyima nchi mwanasheria. Tunajua kwamba kazi ya ulinzi haina saa, na kwamba yako mambo ya dharura yasiyongoja mtihani wa mtu. Lakini si kila amri ni ya dharura, na kamanda mwenye busara huijua tofauti.

Nao wakuu wa vyuo wana wajibu. Mwanafunzi mpya hupewa vitabu vya kanuni, matangazo ya ukutani na maelekezo ya watu kumi wasiopatana. Ingekuwa vizuri kila chuo kiandike katika karatasi moja, kwa lugha nyepesi, mambo ambayo mgeni hana budi kuyafanya katika wiki yake ya kwanza: aende ofisi ipi, achukue nini, alipe wapi, na akikwama amwone nani. Kwa kuwa tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili kimetajwa kuwa lugha ya pili rasmi ya nchi hii, haitakuwa vibaya karatasi hiyo itolewe kwa Kiswahili pia. Masomo yatabaki kwa Kiingereza, na askari hana budi kujitahidi katika lugha hiyo ya mahakama. Lakini mgeni aelekezwe njia kwa lugha anayoielewa.

Kuhusu huduma, askari wengi hawazitumii kwa sababu ya haya. Chuo kina maktaba, kina hospitali yake, kina ofisi ya msimamizi wa wanafunzi na washauri wa mambo ya nafsi. Aliyetoka vitani na akawa hapati usingizi asione aibu kubisha mlango wa mshauri. Kujeruhiwa rohoni si woga. Katika maktaba, mkutubi ndiye kamanda: kitabu hurudishwa siku iliyoandikwa, na ukurasa haukatwi kwa wembe. Na yule anayenunua kazi iliyoandikwa na mwingine, kisha akaweka jina lake juu, ajue kwamba huo ni wizi kama wizi mwingine. Itakuwa kichekesho kibaya kwa polisi kumkamata mwizi wa kuku ilhali shahada yake mwenyewe ni ya kuiba.

Cheo nacho kibaki langoni. Darasani hakuna kapteni wala konstebo. Yuko mwalimu na wako wanafunzi. Mhadhiri aweza kuwa na umri mdogo kuliko askari, na karani aweza kuwa binti aliyemaliza masomo juzi. Wote wastahili heshima. Jambo gumu zaidi ni kuzoea kuuliza. Kambini askari hupokea amri na kuitekeleza, lakini somo la sheria huanza na swali: kwa mamlaka gani? Asiyeuliza hana ajifunzalo. Anayejifunza kuuliza hivyo hapotezi nidhamu yake. Anajifunza kutofautisha amri halali na amri haramu, jambo ambalo kila askari hulihitaji.

Tusijifiche pia kwamba baina ya kambi na chuo kuna kumbukumbu chungu. Mwezi wa Agosti 1976 askari wa utawala wa wakati ule waliivamia Makerere na kuwapiga wanafunzi. Na hata katika siku za karibu, mwezi wa Oktoba 1919 ukiwa umekwisha kuwa historia ya karne nyingine, Oktoba ya mwaka 2019 iliona wanafunzi wakipinga nyongeza ya karo, na vyombo vya ulinzi vikaingia hadi katika mabweni, wako walioumia. Si ajabu, basi, mwanafunzi wa kawaida akimtazama askari kwa wasiwasi. Wasiwasi huo hautaondolewa na hotuba zetu. Utaondolewa na askari anayekaa naye benchi moja, anayekopeshana naye kitabu, na asiyekuja darasani kumtisha wala kumpeleleza mtu.

Na faida ya yote hayo iko wapi? Iko kaunta ya kituo cha polisi, usiku wa manane. Katiba yetu ya 1995, katika kifungu cha 23, yataka mtu aliyekamatwa kwa tuhuma ya jinai afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isipite saa 48. Kifungu cha 28 chasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Dhamana ya polisi haina malipo. Sheria ya kuzuia mateso ya mwaka 2012 haikubali mtu ajitetee kwamba aliamriwa na mkubwa wake kutesa; aliyetesa atajibu yeye mwenyewe. Konstebo aliyeyasoma hayo hamwokoi mahabusu peke yake. Ajiokoa na yeye.

Kwa upande wa jeshi, tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia wasishtakiwe katika mahakama za kijeshi, na mwezi wa Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha mabadiliko ya sheria ya majeshi. Watu wana maoni yao juu ya mambo hayo, nasi hatutaki kuyarudia hapa. Lakini hakuna atakayekana kwamba, kwa vyovyote vile, mahakama ya askari yahitaji askari waliosoma sheria sawasawa. Hao hawatashuka kutoka mbinguni. Watatoka katika foleni ya kujiandikisha.

Kwa hiyo twatoa mwito. Mwanafunzi mpya ajiandikishe kwa wakati, atunze karatasi zake, aombe ruhusa kwa maandishi na aulize asipojua. Kamanda aheshimu ruhusa aliyoitoa. Chuo kimwelekeze mgeni wake kwa uwazi. Na siku askari huyo atakaporudi kazini, raia atakayesimama mbele yake akiwa na pingu mikononi atambue, kwa jinsi anavyotendewa, kwamba mwenye sare huyu amepita shuleni.