UKISIKIA HARUFU YA MPIRA, SIMAMA



Kila siku motokaa hutoka Sio Port zimebeba samaki na barafu kwenda Busia, na huko Malaba malori husimama kwa msururu yakingoja kuingia Uganda. Kazi hizi ni mbali mbali, lakini ugonjwa mmoja huzipata zote: harufu ya mpira unaoungua. Dereva huisikia, akawaza barafu inayoyeyuka au simu ya tajiri wake, akasema moyoni, "Nitafika tu." Wengine hufika. Wengine hulala njiani, na mwisho wa mwezi hukuta mshahara umekatwa kwa kosa la "kuharibu gari".

Sisi twasema hivi: ukisikia harufu hiyo, simama, ukisha simama, tafuta, ukisha ona, andika.

Simama mahali palipo sawa, zima injini, na taniboi aweke mawe chini ya magurudumu.

Kwanza, boneti. Kama injini ilikuwa ikipiga kelele nyembamba ulipokanyaga mafuta, na taa ya betri ikawaka, yaelekea fenibelti inateleza. Ngoja injini ipoe. Mkanda uliolegea ukazwe. Ukiwa unang'aa, una nyufa au umelowa oili, ubadilishwe. Lakini kabla ya kufunga mpya, zungusha puli kwa mkono. Kama ya alteneta au ya pampu ya maji ni nzito au inakwaruza, beringi imekufa, na mkanda mpya utaungua kama ule wa kwanza.

Pili, magurudumu. Peleka mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inashika. Kwa gari dogo, huenda hendibreki haikuachiliwa yote, au pistoni ya breki imekwama. Kwa lori, hewa ikipungua springi hufunga breki zenyewe. Basi tazama geji na usikilize hewa inavujia wapi. Usimwage maji juu ya dramu lenye moto, laweza kupasuka. Angalia pia tairi pacha: zikikosa upepo, au mzigo ukizidi, hugusana na kusagana mpaka kuwaka.

Tatu, klachi. Huu ndio ugonjwa wa msururu wa Malaba. Dereva anayesogea hatua chache chache huku mguu umelala juu ya pedali, au anayeshikilia lori mlimani kwa nusu klachi badala ya breki, huyo anaichoma. Dalili yake ni injini kupaza sauti na gari lisiongeze mwendo. Iache ipoe, na mguu ukae mbali. Ikiendelea kuteleza hata baada ya fundi kuirekebisha, sahani imekwisha.

Nne, waya. Moshi ukitoka ndani ya dashibodi, au fyuzi ile ile ikikatika kila mara, fungua waya wa betri kabla ya jambo lingine. Usitie fyuzi kubwa zaidi, wala kipande cha waya mahali pake. Na ndugu wa malori ya petroli wakumbuke Sachangwan, mwaka 2009, ambako moto wa petroli uliomwagika uliua watu zaidi ya mia moja. Kwa lori la namna hiyo, cheche moja si jambo dogo.

Mara nyingine utakuta ni kipande cha gunia tu kilichogandia egzosi. Kiondoe egzosi ikipoa, uende zako. Hukupoteza kitu kwa kusimama.

Sasa neno la haki. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari bovu lenye kuhatarisha watu kutumiwa barabarani, na askari akilisimamisha, wa kwanza kumkuta ni dereva. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa, na haimruhusu mwajiri kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 19, inampa tajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Mkanda uliochakaa si makusudi ya mtu.

Lakini haki isiyoandikwa ni ngumu kuitetea. Kwa hiyo kila dereva awe na daftari: tarehe, saa, mahali, gurudumu lipi au mkanda upi, na aliyeambiwa ni nani. Ukimpelekea tajiri habari kwa simu, usiifute.

Na tuseme kweli pande zote mbili. Anayechoma klachi kwa uvivu wa mguu, hali amekwisha kuonywa, asije kujificha nyuma ya chama. Na tajiri anayesema "endesha tu" baada ya kuarifiwa, gharama iwe yake.

Samaki wakioza, wengine watavuliwa kesho. Dereva na taniboi wake hawavuliwi ziwani.

Umoja ni nguvu.

Mhariri