Kifaransa cha Mkate na Kifaransa cha Mkataba

Mwaka 1890 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotoka Ufaransa na kupitia pwani, walipanda Kilimanjaro mpaka Kilema, katika nchi ya Mangi Fumba, wakaomba mahali pa kujenga misheni. Mmoja wao, Alexandre Le Roy, aliandika kitabu kizima juu ya safari ile. Kahawa iliyopandwa na wamisionari haikubaki bustanini mwa kanisa. Iliingia migombani, ikawa mali ya Wachagga, na kwa ajili yake chama kikuu cha ushirika, KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Mwenzao wa shirika lile lile, Charles Sacleux, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyopigwa chapa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941. Na mpaka leo mtu atakaye kujua neno fulani lilitamkwaje Mvita, Amu au Unguja zamani hana budi kuifungua. Ajabu ni kuwa kazi kubwa kama ile juu ya lugha ya nchi hii imefungwa kwa ufunguo ambao wenye lugha hawakupewa.

Haya hayasemwi kwa kuwasifu mapadre, ambao walikuja kwa shughuli yao na si kwa ajili ya kamusi. Yasemwa kwa sababu imekuwa desturi kukitaja Kifaransa vyuoni kama mgeni aliyeshuka jana kutoka katika ndege, naye mgeni huyo hupewa kazi ndogo ndogo za mgeni.

Kijana asomaye uhusiano wa kimataifa hupangiwa vipindi vya Kifaransa. Jambo hilo ni jema. Lakini ni Kifaransa gani? Aghalabu ni kile cha kitabu kilichotungwa Ulaya kwa watu wa Ulaya. Sura ya kwanza yamfunza kutaja jina lake na umri wake. Ya pili, kununua mkate. Ya tatu, kuuliza njia ya kwenda stesheni ya treni. Ya nne, kueleza hali ya hewa ya majira ambayo hajapata kuyaona. Mwisho wa mwaka wa pili kijana wa Marangu aweza kuagiza mkate katika duka la Paris ambalo yamkini hatalifikia, wala hawezi kusoma barua ya kurasa mbili itokayo Bujumbura, mji ufikiwao kwa barabara.

Kosa hili si la mwalimu, ambaye hufundisha alichopewa. Wala si la kijana. Ni la mpangaji wa mafunzo, aliyemdhania mwanafunzi kuwa mtalii. Mtalii asipofahamu hulala na njaa. Mjumbe asipofahamu hutia saini.

Na atatia saini wapi? Si mbali. Makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo Arusha, kiasi cha kilomita 80 kutoka Moshi. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Kongo peke yake ina watu wengi kuliko Ufaransa, na lugha yake rasmi ni Kifaransa. Basi Kifaransa kimekuja chenyewe mpaka mlangoni, na mpangaji wa mafunzo yungali akikitafuta ng'ambo ya bahari.

Wapo watakaosema kuwa Kiswahili kinatosha, maadamu watu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi hukisema. Hoja hii hupendeza masikioni, hasa masikioni mwa wapenzi wa Kiswahili, na ndiyo sababu yafaa ipimwe kwa ukali zaidi. Katika mji wa Moshi kipo Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963. Tuseme mjumbe wa ushirika wa kahawa kutoka mji huo akutana na wenzake wa Kivu. Watazungumza Kiswahili tangu asubuhi hata jioni, watataniana, watakula pamoja. Lakini Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na umoja huo una sheria ya vyama vya ushirika iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Hati ya kuandikisha chama, kanuni zake, na kesi ikizuka, huko Kivu yote ni Kifaransa. Urafiki ni wa Kiswahili na karatasi ni ya Kifaransa. Na siku ya ugomvi hakimu hataulizia urafiki.

Hata watunzaji wa wanyama wa porini wamegawanywa kwa lugha. Chuo cha Mweka, juu ya Moshi, kilifunguliwa mwaka 1963 kwa wanafunzi wa Kiingereza. Chuo cha Garoua, Kameruni, mwaka 1970 kwa wanafunzi wa Kifaransa. Tembo hawana habari.

Wengine husema Kifaransa kinakufa, wakitoa mfano wa Rwanda, iliyoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza na kuingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Kwamba nchi moja imebadili njia hakuzifuti nyingine mbili, na moja kati ya hizo mbili ni Kongo. Wapo pia wanaotegemea mashine za kufasiri. Mashine hufasiri vizuri mara nyingi na vibaya mara chache, lakini asiyeijua lugha hawezi kutambua ni mara ipi aliyo nayo mkononi.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, ingawa halisemwi sana: Kifaransa hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi afikiriaye kwa Kiswahili huvushwa kwanza katika Kiingereza, ndipo afike, akiwa amebeba makosa ya njiani. Huliona neno *demander* akafikiri ni kudai, kwa kuwa Kiingereza kina neno linalofanana nalo. Kumbe ni kuomba au kuuliza. Serikali jirani imeomba. Yeye aripoti kuwa imedai. Huona *éventuellement* akaandika “hatimaye”, nalo maana yake ni “ikitokea” au “pengine”. Msaada ambao ungeliweza kutolewa huwa msaada utakaotolewa. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa Kiswahili asingelianguka katika mashimo haya, kwa kuwa katika njia yake hayapo.

Tena Kiswahili kina mali yake. Mtu aliyezoea tangu utotoni kuwa kitabu kikubwa kimeanguka na mti mkubwa umeanguka hashtuki akiambiwa kuwa sifa hufuata jina. Mwingereza ndiye hushtuka, na kitabu kilichotungwa kwa ajili ya mshtuko wake hupoteza majuma mengi kumtuliza mtu ambaye hakushtuka.

Iangaliwe pia kauli moja itumiwayo kila siku na magazeti ya Kinshasa na Bujumbura. Mwandishi wa Kifaransa akitaka kutoa habari asiyokuwa na hakika nayo husema *le général aurait quitté la ville*. Aliyejifunza kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno huandika kuwa jenerali angaliondoka mjini, na msomaji wa ripoti hudhani kuna sharti lililomzuia. Maana yake ni kuwa yasemekana jenerali ameondoka mjini. Kiswahili kina neno hilo tayari, “yasemekana”, na mwalimu angelimaliza somo kwa dakika tano. Hali kadhalika katika sheria: Kifaransa husema mkutano mkuu unakutana mara moja kwa mwaka, na maana ni kuwa lazima ukutane. Haya hayamo katika sura ya mkate.

Isidhaniwe kuwa Kiswahili hurahisisha kila kitu. Hakina kile kineno kidogo kitanguliacho jina katika Kifaransa, na kineno hicho kimewahi kugombanisha mataifa. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Novemba 1967, katika Kifaransa lina kineno kinachoweza kuonyesha kuwa majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yale yote yaliyotwaliwa vitani. Katika Kiingereza kineno hicho hakimo, na mabishano juu ya yote au baadhi hayajaisha. Hapo mwanafunzi Mswahili ahitaji mazoezi mengi kuliko mwingine, na mpango mwema ungempa mazoezi hayo badala ya treni.

Na kuna wakimbizi. Mkoani Kigoma wamepokewa watu wa Burundi mwaka 1972, tena mwaka 1993, tena mwaka 2015, na watu wa Kongo pia. Kiswahili cha kila siku huwaita wote wakimbizi. Karatasi za Kifaransa huwagawa: *réfugié* amevuka mpaka, *déplacé* amekimbia kwake lakini yumo katika nchi yake, *rapatrié* amerudi. Kila neno lina haki zake na chakula chake, na katika Burundi lina shamba lake, kwa kuwa arudiye aweza kukuta mtu mwingine analima pale alipolima baba yake. Ofisa kijana akichanganya maneno haya mezani, atakayelipa si yeye.

Mpango unaofaa waweza kuandikwa Moshi, na mtu asiyengoja kitabu cha Ulaya. Uanze na kusoma, si kusema, kwa kuwa karatasi hufika kabla ya watu. Maelezo yote yatolewe kwa Kiswahili. Masikio yazoezwe Kifaransa cha redio za Bukavu na Bujumbura, ambacho ndicho mjumbe atakachokisikia, na walimu watafutwe huko huko, badala ya kusubiri mtu wa Paris aje kwa miezi minne na kuondoka. Mtihani uwe huu: mwanafunzi asikilize hotuba ya mjumbe wa Kongo kwa robo saa, kisha aandike ripoti ya Kiswahili ya ukurasa mmoja ambayo waziri aweza kuitegemea. Salamu na adabu za mezani ziwemo pia, kwa kuwa mjumbe asiyejua kumwita balozi kwa heshima yake hufungiwa mlango kabla ya hoja yake kusikiwa. Lakini hizo ni kazi ya majuma mawili.

Maandiko ya kusomea hayahitaji kuagizwa mbali. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, ilifanya kazi Arusha kwa Kiingereza na Kifaransa. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, ya tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, yasomeka kwa lugha hizo mbili, na mwanafunzi aweza kuziweka kurasa ubavu kwa ubavu na kutafuta tofauti mstari kwa mstari. Kumbukumbu za mahakama hiyo hazikupelekwa Paris wala New York; zimehifadhiwa Lakilaki, karibu na mji wa Arusha.