BWANA SHAMBA ANASEMA: Mtoto Huyu Si Mzembe

Mwezi huu siandiki habari za mahindi. Lakini nitaanzia shambani.

Wakati wa kupanda nilikuwa kwa mzee mmoja. Tulivuta kamba. Nikasema, shimo hadi shimo ni sentimeta 30. Nikauliza, "Mstari wa meta 60 utakuwa na mashimo mangapi?" Wakubwa walikuna vichwa. Mtoto wa mzee huyo, wa Darasa la Nne, alijibu upesi, "Mia mbili." Ni kweli.

Nikampa chupa ya dawa ya wadudu asome maandishi. Alinyamaza. Kisha akasoma "bawa" mahali pa "dawa". Watu wakacheka. Nami nilicheka, na hilo lilikuwa kosa langu. Mtoto aliacha kamba akaenda zake.

Baba yake akasema, "Bwana Shamba, huyu shule imemshinda. Mwezi ujao namtoa, akachunge ng'ombe."

Nilimwomba angoje kidogo. Jioni nilikwenda kwa mwalimu.

Shida hii ina jina. Inaitwa disleksia. Mtoto ana akili, lakini ubongo wake unapata taabu kuunganisha sauti na herufi. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14. Mvulana huyo aliweza hesabu, lakini kusoma kulimshinda. Hata jina lake, Percy, aliliandika Precy. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angewashinda wenzake shuleni.

Shida hii haina dawa ya kumeza. Fimbo haiiondoi. Miwani nayo haiiondoi, ingawa ni vizuri kupima macho kwanza. Husaidia kumfundisha mtoto polepole, sauti kwa sauti: ba, be, bi, bo, bu. Achore herufi mchangani kwa kidole huku akiitamka. Arudie kila siku.

Mwalimu alisema, "Bwana Shamba, nina watoto wengi. Nitawezaje?" Ni swali la haki. Tulikaa tukatafuta mambo yasiyohitaji fedha. Mtoto akae mbele. Asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake kabla hajajizoeza. Katika jaribio la darasani, asomewe maswali na aongezewe muda. Somo kama sayansi, ajibu kwa mdomo. Asinakili ubao mzima. Jirani yake amsaidie. Na kazi yake ya hesabu isikatwe alama kwa sababu ya herufi zilizopinduka.

Kesho yake nilirudi kwa mzee na kumweleza haya. Alisikiliza. Kisha akatoa mfuko wa mbegu, akanipa. "Nisomee tarehe. Miwani yangu imevunjika."

Mimi sijapata kumwona na miwani. Nilimsomea tarehe. Sikumwuliza kitu. Baadaye alisema mwenyewe kwamba aliacha shule Darasa la Tatu, kwa sababu ya viboko vya kusoma. Hapo nilimweleza jambo nililokuwa nimelisahau: shida hii mara nyingi hufuata ukoo.

Mzee alikaa kimya. Halafu akamwita mtoto, akamwambia ng'ombe watachungwa na mjomba wake mpaka mavuno. Baada ya hapo ataona.

Nitapita tena kijijini humo wakati wa palizi. Nimemwahidi mtoto kwamba safari hii tutasoma chupa ile pamoja, sisi wawili tu.