Mgonjwa Haulizwi Uji: Je, Mzee Huulizwa Nini?

Wahenga walilonga kwamba mgonjwa haulizwi uji. Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi methali hii hufafanuliwa kwa wepesi: mwenye haja asisumbuliwe kwa maswali, apewe. Ni hekima yenye huruma, kwani mgonjwa anayelazimika kuomba uji amekwisha kufedheheka. Hata hivyo, nimekuwa nikijiuliza iwapo methali iliyozaliwa kando ya kitanda cha kamba na bakuli la uji inaweza kuubeba mzigo tunaoitwika leo, kando ya mashine ya kupumulia.

Nina kisa. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na umri wa miaka 84 alipopatwa na kiharusi cha pili. Figo zake zilikuwa zimedhoofika kitambo. Ukoo ulikusanyika upesi, kundi la WhatsApp likafunguliwa, mweka hazina akateuliwa, na katika muda wa siku 9 zikachangwa shilingi laki nne na ushei. Ng'ombe wawili waliuzwa. Nyanya alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akaunganishwa na mashine, damu yake ikasafishwa mara tatu. Alikata roho siku ya 12, mikono yake ikiwa imefungwa kwa kitambaa kitandani ili asichomoe mirija. Kabla hajapoteza usemi alikuwa amemwambia mama mdogo jambo moja tu, kwamba arudishwe nyumbani. Mama mdogo aliliwasilisha ombi hilo katika kikao cha familia. Akajibiwa kuwa hayo ni maneno ya ugonjwa.

Sisimulii haya kuwalaumu madaktari, walifanya tulichowaomba. Linaloniuma ni jingine. Kwa miaka miwili kabla ya hapo nyanya alikuwa akiomba miwani. Ile ya zamani ilikuwa imevunjika kioo kimoja, naye alikuwa msomaji wa Biblia kila alfajiri. Kila aliyekuja Krismasi aliahidi kumletea, nami nikiwemo. Miwani haikuja. Ukoo ulioweza kuchanga laki nne kwa siku 9 ulishindwa kutoa elfu chache kwa miaka miwili.

Kwa maoni yangu, tumeigeuza kazi ya kurefusha uhai kuwa fidia ya kutotunza. Mchango wa hospitali huonekana: majina husomwa, kiasi hutangazwa, na aliyetoa kidogo huaibika. Kumkata mzee kucha, au kumsikiliza akirudia kisa kilekile kwa mara ya ishirini, hakuna mweka hazina wake. Basi tunangoja mpaka mzee asiweze kusema neno, ndipo tunapomwonyesha mapenzi yetu yote kwa mpigo mmoja, naye hana nguvu za kuyakataa.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikuuweka wajibu huu mlangoni pa chumba cha mahututi. Kifungu cha 57 kinawapa wazee, yaani waliotimiza miaka 60, haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima na pasi na dhuluma, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na Serikali. Serikali nayo ilianzisha mwaka 2018 malipo ya Inua Jamii kwa wote waliofikisha miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakitoshi, ila angalau humfikia mzee angali na uwezo wa kuamua atanunua nini.

Najua pingamizi nitakayopewa, na ni pingamizi nzito. Je, katika nchi ambamo wazee huuawa kwa kisingizio cha uchawi, si hatari kuanza kuzungumzia kuacha matibabu? Mwezi wa Oktoba 2021, katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, ajuza wanne waliuawa na kuchomwa kwa tuhuma za uchawi. Huko Kilifi wako wazee waliolazimika kuyahama makwao, na aghalabu nyuma ya tuhuma pamejificha tamaa ya shamba. Mrithi mwenye haraka hahitaji hoja ya kifalsafa, naye akipewa moja ataitumia. Ndiyo maana siungi mkono sheria kama ile ya Uholanzi ya mwaka 2002, inayomruhusu daktari kumkatisha uhai mgonjwa aombaye. Kwetu, kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinamtisha anayemsaidia mtu kujiua kwa kifungo cha maisha, na sioni sababu ya kukilegeza.

Lakini kuua ni jambo moja, na kukataa kukirefusha kifo ni jambo jingine. Hata Papa Pius XII, alipowahutubia madaktari mwaka 1957, alieleza kwamba mtu hawajibiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kuuhifadhi uhai. Nimewasikia waumini wengi wakidhani kuwa Kanisa linawadai mashine mpaka pumzi ya mwisho. Halijawahi kuwadai hivyo.

Isitoshe, dawa ya kumkinga mzee dhidi ya mrithi mwenye tamaa ni sauti ya mzee mwenyewe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na ya kukataa tiba anayopendekezewa. Inamruhusu pia kumteua kwa maandishi mtu wa kutoa idhini kwa niaba yake iwapo yeye hataweza; asipomteua mtu, idhini huangukia jamaa wa karibu. Nyanya angeweza kumteua mama mdogo kwa mistari mitatu. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa sote tuliamini kwamba kumtajia mzee kifo ni kumwombea afe.

Imani hiyo tunaiita mila. Mimi nina shaka. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka michache tu kabla ya kufariki, akimwita bintiye aketi karibu na kuyaandika maneno yake. Tunausoma kama wosia wa maadili ya ndoa, tukabishana kuhusu nafasi ya mwanamke, na mabishano hayo yana haki yake. Ila tunaipita hali yenyewe ya utunzi: mgonjwa anajua anakoelekea, anasema, na aliye mzima anashika kalamu. Hapo hakuna aliyesema kuwa hayo ni maneno ya ugonjwa.

Lugha yetu haijakosa neno. Huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona huitwa tiba shufaa, na Nairobi Hospice imekuwa ikiitoa tangu mwaka 1990. Istilahi hiyo hunipendeza, maana katika muktadha wa dini shufaa ni uombezi, kusimama upande wa mtu mbele ya mwenye uwezo. Sijui kama walioiunda walilikusudia hilo. Najua tu kwamba katika vikao vyote vya ukoo wetu neno hilo halikutajwa hata mara moja, nami mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili nilikuwa nimeketi pale pale.

Kila mwaka wanafunzi wa idara zetu huenda nyanjani na vinasa sauti kuwatafuta wazee. Tunawauliza vitendawili, nyimbo za jando, ngano za sungura na fisi. Tunawashukuru kwa sukari na majani ya chai, tunarudi chuoni kunukuu. Nimefanya hivyo mara nne. Sikumbuki hata mara moja kumuuliza mzee yeyote kama analala vizuri, au angependa nani amsemee siku atakaposhindwa kusema.

Babu bado yupo, ana miaka 88. Likizo iliyopita nilimuuliza. Alinyamaza kitambo, nikadhani nimemkosea adabu. Kisha akasema ana mambo mawili. Kwanza, asipelekwe mahali ambako hataisikia lugha yake. Pili, paa la chumba chake lizibwe kabla ya masika, kwani usiku wa mvua hukesha akisogeza kitanda. Hilo la pili tumelitimiza.